Siku ya Kupimwa Tunu

Harufu ya penseli inayochongwa kwa wembe huniachisha kazi mpaka leo. Juzi mtoto wa mpangaji wa chumba cha nyuma alikaa kibarazani akichonga yake, maganda yanamwangukia mapajani, na ile harufu ya mti mkavu ikanifuata mpaka jikoni nilikokuwa nakoroga unga wa vitumbua. Mkono ukasimama wenyewe. Wengine harufu huwarudisha kwenye utoto wao. Mimi hiyo hunirudisha kwenye utoto wa mjukuu wangu Tunu, kwenye Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu mbili na kumi na saba, alipokuwa na miaka tisa. Asubuhi ile nilichonga penseli sita kabla sijaonja chai, nikazifunga kwa uzi kama mtu anayepeleka posa. Zote sita zilirudi nyumbani na ncha zake. Huko tulikokwenda walikuwa na penseli zao.

Nawasimulia mimi mwenyewe kwa sababu binti yangu Saada, mama yake Tunu, akiisimulia huniweka vizuri mno. Ananionea haya. Mimi nitaisema ilivyokuwa.

Tulikuwa tunakaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Chumba chetu kilikuwa nusu ya sebule ya watu waliohama zamani. Tulipata dirisha kubwa na nusu ya meko ya ukutani. Nusu ya pili ya meko ilikuwa kwa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Mbao zile zilikuwa nyembamba, mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanamwombea afya. Saada alikuwa akisafisha maofisi Randburg, anatoka hakujapambazuka, anarudi miguu imevimba. Kwa hiyo kutwa nzima mtoto alikuwa wangu.

Tunu alizaliwa hapahapa Johannesburg. Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema. Mpaka miaka mitatu alikuwa anaonyesha kwa kidole tu. Alipoanza kusema alichanganya Kiswahili changu, Kiingereza cha televisheni na Kizulu cha uani, chungu kimoja. Darasa la kwanza alilisoma mara mbili. Mara ya pili ilipokwisha, mwalimu alituita akatukalisha kwenye viti vya watoto, magoti yakatufika kidevuni. Akasema mtoto ni mpole, hasumbui mtu, lakini herufi haziingii. Akasema tulete karatasi ya mtaalamu wa kupima watoto, ionyeshe mzigo uko wapi, maana bila hiyo hawajui wamweke wapi. Tukaandikishwa kwenye foleni ya serikali tukaambiwa tusubiri kuitwa. Tukasubiri. Wenzake darasani wakampa jina ambalo sitaliandika hapa, akaanza kulowesha kitanda, msichana mkubwa vile. Saada akamtoa. Akajaza karatasi za kusomesha mtoto nyumbani, maana huku sheria inaruhusu, na mwalimu akawa mimi.

Msicheke. Mimi niliishia darasa la tatu, Pangani, ndugu zangu walipokuwa wengi na mama akahitaji mikono. Kiswahili nasoma, kuandika naandika kama mnavyoona, na hesabu ya sokoni hajazaliwa wa kunidanganya. Nilijiambia, nitampa Tunu nilichopewa, hata kama ni kidogo. Nikapindua kreti la maziwa likawa meza. Nikakata herufi kwenye maboksi ya sabuni. Kila asubuhi, vitumbua vikiwa motoni, nikawa nasimama mbele yake, mkono mmoja una herufi, mkono mwingine una mwiko. Sikumpiga nao hata siku moja, wallahi. Lakini ulikuwa mkononi.

"Hii nini?"

Kimya.

"Tunu, nakuuliza. Hii nini?"

Kimya. Mara ya tatu mimi huwa siulizi. Hubadilika uso, na uso wangu ukibadilika hata paka wa uani anajua pa kupita.

"Bibi," Mama Furaha alikuwa akisema ng'ambo ya mbao, "umuachilie mutoto apumue kidogo!"

"Wewe suka kichwa ulicholipwa."

"Minasuka. Lakini masikio yangu iko wazi."

Wateja wake wakacheka. Tunu hakucheka. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, anatazama kreti. Ajabu yake ni kwamba jana yake alikuwa ameijua herufi ile kama anavyonijua mimi. Leo anaitazama kama mgeni aliyebisha hodi mlango usio wake. Chuoni kwa maalimu alishika sura fupi kwa kusikia tu, akazisoma kwa sauti tamu. Dengu alichambua hasazi jiwe hata moja. Lakini umwinulie kitu umuulize, mtoto anazima kama taa.

Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Saada anafanya kazi ya kuinama, mgongo wa kuinama una siku zake. Mimi ndiyo huyu, nazeeka. Mtoto asiyejua kusoma kibao cha mtaa, katika mji huu, atashikwa na nani tukiondoka? Nilikuwa namtazama amelala, mdomo wazi, nahesabu miaka.

Ndipo mteja mmoja wa Mama Furaha, mpishi katika shule ndogo kule Kensington, akatuambia kuwa shule yao inachukua watoto wanaokwenda polepole, wanane kwa darasa, walimu wawili. Tukaenda. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimtembeza Tunu bustanini nusu saa nzima, wakarudi wameshikana mikono. Akasema anampenda, na kwamba mwezi wa kwanza nafasi moja itakuwa wazi.

"Nitawashikia mpaka mwezi huu wa kumi na moja uishe," alisema. "Lakini bila ripoti ya vipimo siruhusiwi kumwandikisha. Wapo wengine nyuma yenu."

Mwezi ulikuwa umeshaanza. Saada akapiga simu kila mahali wakati wa mapumziko ya chakula, akisimama ngazini kwenye lile jengo la maofisi. Mwisho akapata chuo kikuu kimoja ambako wanafunzi wanaosomea kazi hiyo huwapima watoto, mwalimu wao akiwepo. Nao walikuwa wamejaa. Lakini mtu mmoja akaahirisha, tukapewa nafasi yake: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Yule wa kwenye simu akasema tukiikosa hiyo, nyingine ni mwakani.

Saada hakuruhusiwa kutoka kazini. Alilia bafuni, akarudi amenawa uso. "Mama, utakwenda naye wewe." Nikasema nitakwenda.

Sasa hapa ndipo nilipofanya yangu. Mimi neno mtihani nilikuwa nalijua kwa maana moja tu: mwalimu mkali, mtoto mwoga, fimbo kati yao. Siku tatu kabla yake nilimkalisha Tunu kitandani nikamfundisha adabu ya mtihani. Mtu mzima akikuuliza, usimkazie macho. Usijibu kabla hujawa na hakika. Usimkatize. Ukikosea, omba radhi upesi, usijitetee. Akayarudia moja moja, na hayo aliyashika yote, hakusahau hata moja. Nikafurahi. Mama yangu alikuwa akisema samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilijiona nimemkunja vizuri. Mama Furaha akamsuka mistari minne iliyonyooka kama barabara ya lami, hakutaka malipo.

"Usinitie aibu," nilimwambia Tunu asubuhi ile tukiwa tunasubiri robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, igeuke tuvuke. Akanikaza mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi na kimelowa.

Chuoni kwenyewe palikuwa na ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki vya kijani na harufu ya dawa ya sakafu. Akatujia binti mrefu mwenye nywele fupi, akajitambulisha kuwa Lindiwe, ndiye atakayempima. Alinisalimia kwa heshima, akaniita Gogo kama wanavyowaita mabibi huku. Alikuwa amekumbatia faili, na faili lile likamponyoka, karatasi zikasambaa, tukaokota pamoja. Nyuma yake alisimama mwalimu wake, mama wa kizungu wa makamo, miwani inaning'inia kwa mnyororo shingoni. Huyo waliita Daktari. Yeye angekaa kwenye kona na daftari lake. Mimi nikaambiwa nibaki nje.

"Itachukua kama saa mbili na nusu, Gogo," Lindiwe alisema. "Tutampumzisha katikati."

Mlango ukafungwa.

Nimesubiri mengi katika maisha yangu. Nimesubiri uchungu wa watoto wanne, nimesubiri maiti ya mume wangu itolewe hospitali. Lakini kusubiri kule kulikuwa na ubaya wake, kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono. Penseli zangu sita nilikuwa nazo mapajani. Nilisoma kila nilichojua kusoma cha dini, nikakisoma tena. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi kama zetu za Bellevue. Maneno sikuyapata, lakini sauti nilizipata. Sauti ya Lindiwe ikapanda mwishoni, kama ya mtu anayeuliza. Kimya. Ikapanda tena. Kimya. Tena. Kimya kirefu zaidi.

Wimbo ule niliujua. Ndio tuliokuwa tukiuimba kila asubuhi chumbani kwetu.

Nusu saa haijaisha, mlango ukafunguliwa. Tunu alitoka kwanza, ushungi umelowa kidevuni kwa machozi. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anayengoja hukumu. Hakutoa sauti. Tunu alikuwa analia bila sauti tangu akiwa mdogo, nikadhani ni adabu.

"Gogo, pole," Lindiwe alisema. Alionekana na yeye yu karibu kulia. "Leo hazungumzi nami. Nikimwonyesha picha ananiomba radhi."

Daktari akavaa miwani. Alisema taratibu, ili Kiingereza changu cha kuuzia vitumbua kimfikie. Alisema mtoto mwenye hofu hapimiki. Wakiendelea, karatasi itasema uongo, itamfanya aonekane hajui hata anachokijua. Afadhali waahirishe.

"Mpaka lini?"

"Mwezi wa pili. Samahani sana."

Nikaona kiti cha Kensington kinachukuliwa na mtoto mwingine. Nikamwona Tunu kwenye kreti lake la maziwa, ana miaka kumi, ana kumi na mbili, ana ishirini. Na hasira ikaja. Sitawadanganya. Ilikuja mpaka kwenye meno: si nilikwambia usinitie aibu? Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichonizuia si huruma, ni ubishi. Nilitaka kujua ni picha gani hiyo ngumu iliyomshinda mtoto wangu.

"Kikombe," Lindiwe alisema. "Nikamuuliza hii nini, akasema sori. Nikamwonyesha kiatu, akasema sori. Nikamwonyesha dirisha..." Akatazama karatasi yake. "Akasema, si mimi, ni mpira. Baada ya hapo hakusema tena."

Nilikaa. Nadhani nilikalia penseli.

Ngoja niwaeleze. Ramadhani ya mwaka ule Tunu alivunja kikombe changu cha maua, cha mwisho katika sita nilivyotoka navyo nyumbani. Niliokota mkono wa kikombe, nikauinua mbele ya uso wake, nikamuuliza: "Tunu, hii nini?" Kiatu, aliingia nacho na matope mpaka kwenye mkeka wa kuswalia. Nikakiinua: "Hii nini?" Dirisha ni lile letu kubwa, mpira wa watoto wa uani uliacha ufa, nikamburuta mkono mpaka pale nikamwonyesha: "Na hii nini?" Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo, na bibi yangu alimuuliza mama hivyo hivyo. Kwetu mtu mzima hamuulizi mtoto jina la kitu ila mtoto amekiharibu. Na kwa nini aulize? Mtu mwenye akili zake anainua kikombe anakuuliza hii nini, utadhani hakijui kikombe? Anakijua. Anataka useme ulichofanya.

Na herufi zangu za maboksi ya sabuni, nilikuwa naziinua vipi? Kwa maneno yaleyale. Kwa sauti ileile. Mwiko mkononi.

Kwetu mkubwa hajishtaki mbele ya mtoto, sembuse mbele ya wageni. Niliangalia kama kuna njia nyingine, sikuiona. Nikasimama nikamwambia Daktari, kwa Kiingereza kilichovunjika kuliko kikombe, kwamba mtoto hana kosa. Kwamba nyumbani kwetu swali hilo si swali.

"Ni nini, basi?" Daktari aliuliza. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa ameshika kalamu.

"Ni kwamba umekwisha."

Lindiwe alicheka, akaziba mdomo upesi kwa faili. "Eish, Gogo! Na mama yangu pia! Akishika sufuria iliyoungua akuulize hii nini, wewe kimbia."

Daktari hakucheka. Aliandika, akavua miwani, akafikiri. Akasema maneno ya maswali hayabadilishwi. Watoto wote huulizwa vilevile, ndiyo sheria ya kipimo. Lakini anaweza kunipa dakika tano niongee na mtoto, niongee lolote isipokuwa majibu. Akitulia, wataanza na michezo ya vibao, warudi kwenye picha baadaye. Asipotulia, ni mwezi wa pili.

Dakika tano. Na mimi kubembeleza sijui, sikufundishwa. Nilimwangalia Tunu, nikamwangalia Lindiwe anavyozipanga karatasi zake upya huku akimchungulia Daktari. Nikamuuliza, "Wewe bado mwanafunzi?"

"Ndiyo, Gogo. Mwaka wa mwisho."

"Na wewe, Daktari, unamtazama yeye anavyofanya kazi? Unamwekea alama?"

Daktari akanikazia macho kidogo. "Namtazama, ndiyo. Na alama ninaweka."

Basi nilikuwa na la kusema, na halikuwa la uongo. Nikapiga magoti, magoti yakalalamika, nikamwambia Tunu kwa Kiswahili:

"Sikiliza. Huyu dada yuko shule bado. Leo mwalimu wake amekuja kumtazama kama anajua kuuliza watoto maswali. Wewe usipomjibu, hana cha kuandika. Atafeli."

Tunu aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kuona macho yake.

"Ataambiwa akae nyumbani?"

Naandika neno hilo na mkono wangu unakuwa mzito. Nikamjibu, "Inaweza kuwa."

Akamtazama Lindiwe, kuanzia viatu mpaka nywele. "Kwani hajui kikombe?"

"Anajua. Lakini haruhusiwi kuandika mpaka umwambie wewe."

"Nikikosea?"

"Ataandika hivyohivyo ulivyosema. Yeye anataka maneno yako tu. Hakuna kilichovunjika humo ndani. Nimeuliza."

Hilo la mwisho sikuwa nimeuliza. Mungu anisamehe.

Tunu alifuta pua kwa ncha ya ushungi, jambo ambalo siku nyingine lingempatia maneno. Akaenda akamshika Lindiwe mkono, akamwongoza kurudi chumbani, kama mkubwa anayempeleka mdogo wake kuoga. Daktari akafuata. Mlango ukafungwa tena.

Sauti ya Lindiwe ikapanda. Kimya. Nikashika kiti. Kisha ikaja sauti nyingine, ndogo, ya puani. Ikanyamaza. Ikaja tena. Mimi nilikuwa nimekaa na mtoto huyu miaka tisa, na bado ilinichukua muda kuamini kuwa ni yeye. Mara moja nilisikia kitu kikianguka, vibao labda, nikainuka kitini, kisha nikawasikia wanacheka wote wawili. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, nikawa napima muda kwa kivuli cha mguu wa kiti sakafuni.

Walitoka adhuhuri. Lindiwe alikuwa na jasho juu ya mdomo. Tunu alikuwa na njaa, alilisema hilo kwanza. Halafu akageuka kwa Daktari, akamtazama machoni wazi kabisa, kinyume na adabu yote niliyomfundisha, akamuuliza kwa Kiingereza: "Amefaulu?"

Daktari akamwangalia juu ya miwani. "Amefanya kazi nzuri sana. Umemsaidia."

"Aliogopa mwanzoni," Tunu alisema. "Nikamwambia asiogope."

Ripoti ilitoka siku nne kabla ya mwezi kuisha, na siku hizo za kungoja nilichoma vitumbua ambavyo hata kuku asingekula. Saada aliileta kutoka mjini ndani ya bahasha ya kaki, akatusomea jioni, anatafsiri kadiri anavyokwenda. Ng'ambo ya mbao Mama Furaha alizima mashine ya kukaushia nywele. Ripoti ilisema kwamba katika kusikia na kuelewa, Tunu hayuko mbali na umri wake. Katika herufi, na katika kukumbuka anachokiona, yuko nyuma karibu miaka mitatu, na hilo halitokani na uvivu wala ukaidi. Anahitaji darasa dogo, mwendo wa polepole, kurudiarudia. Saada alilia na mimi sikulia. Nilikuwa nasikiliza sana. Kisha akasoma sentensi moja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

"Rudia hapo," nikasema.

"Mama, si muhimu hiyo."

"Rudia."

Akarudia. Ilisema mtoto huyu huyachukulia maswali ya watu wazima kuwa ni lawama.

Mama Furaha, ambaye siku zote ana la kusema, aliwasha tena mashine yake. Kesho yake asubuhi tulikuwa Kensington kabla lango halijafunguliwa, na mwalimu mkuu aliisoma ripoti amesimama, akatoa fomu mezani. Mwezi wa kwanza Tunu akaanza.

Hakugeuka kuwa mwanachuoni, na anayewaambia watoto hugeuka hivyo anawauzia kitu. Mwaka mzima wa kwanza ulikwenda kwenye herufi na majina ya siku. Mwaka wa pili akaanza vitabu vyenye mstari mmoja chini ya picha. Nyumbani mimi nikaachishwa ualimu, na kreti likarudi dukani. Kila baada ya miezi michache Tunu alikuwa akiniuliza, ghafla tu, akikosha vyombo au akivaa soksi: "Bibi, yule dada alifaulu?" Nikawa namwambia alifaulu. "Hakukaa nyumbani?" Hakukaa nyumbani.

Halafu mwaka elfu mbili na kumi na tisa, Tunu ana miaka kumi na moja, shule ikataka tuipeleke tena ile ripoti. Niliitoa kwenye sanduku nikaiacha kitandani nikaenda kugeuza vitumbua. Niliporudi nilimkuta ameinamia karatasi, kidole chini ya maneno, midomo inacheza.

"Bibi, hapa pameandikwa Tunu." Kidole kikasogea. "Hapa pia Tunu. Hapa. Hapa." Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu. "Jina la yule dada liko mara moja tu. Huku mwisho, chini."

Nilisimama mlangoni na sahani mkononi.

"Kumbe aliyekuwa anapimwa ni mimi."

"Ni wewe," nikasema. "Na yeye pia alikuwa anatazamwa. Hilo halikuwa uongo."

Alikaa anafikiri. Tunu akifikiri hutikisa mguu mmoja. Nikangoja akasirike, haki yake. Akasema, "Ningejua ni mimi, nisingesema hata neno moja."

"Kwa nini?"

Nilikuwa siijui sababu, ndiyo maana niliuliza. Naye hakuinamisha kichwa. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, pole pole, kama anayemweleza mtoto:

"Kwa sababu ukiniuliza kitu, Bibi, mimi kwanza nilikuwa natafuta nimefanya nini. Natafuta kila mahali. Nikimaliza kutafuta ndiyo nianze kufikiria jibu. Lakini wewe umeshakasirika."

Miaka miwili nilisimama mbele ya mtoto yule na herufi mkononi, nikidhani ananyamaza kwa sababu ndani mna giza. Mama yangu naye alifikiri hivyo juu yangu, akanitoa darasa la tatu, na mimi nikaamini kuwa alinitoa kwa sababu alihitaji mikono ya kazi tu. Kumbe mtoto kimya anaweza kuwa ana kazi nyingi kuliko mtu yeyote chumbani.

Tunu alikuwa ananingoja niseme kitu. Nikaweka sahani kitandani, juu ya karatasi zile, nikakaa karibu naye, na kwa muda mrefu nikawa mimi ndiye niliyenyamaza, natafuta.